Uma wa Mbele na Kuku wa Fundi Mlewa

Juma lililopita nilikaa kwenye benchi la fundi wa bodaboda hapa Mandewa, nikisubiri pikipiki ya mwanangu ibadilishwe shokapu za mbele. Kijana mwenyewe, suruali imejaa grisi, aliniambia, "Mama, we kaa tu, hapa tunapiga chap." Nikadhani ni maneno yao ya kila siku. Nikaagiza chai, na kabla sijaifikisha nusu, gurudumu lilikuwa limeshatoka, miguu ya zamani ya shokapu imelala chini na mipya imeshaingia inang'aa. Kisha akaugeuza mmoja wa ile ya zamani juu ya kopo ili amwage mafuta yaliyokuwamo, na hapo harufu ikanipiga. Ni harufu ya chuma kilicholala na samaki, na sijawahi kuikuta penginepo. Nikajikuta nimekasirika palepale, kikombe mkononi. Kijana akaniuliza kama kuna tatizo, nikamwambia hakuna. Ningeanzia wapi kumweleza kwamba kazi aliyoimaliza kabla chai yangu haijapoa, kwetu ilikula kiangazi kizima?

Baba yangu alikuwa bwana mifugo. Wenzangu wa umri wangu mnawakumbuka watu hao: kaptula ya kaki, mkoba wa sindano, na ng'ombe wanaomtambua mtu tangu mbali wakaanza kutawanyika. Pikipiki aliinunua kwa padri mmoja Mzungu aliyekuwa anarudi kwao, na hata siku anainunua ilikuwa imeshazeeka. Kila mtu alimwambia aiache. Mama alimwambia zaidi ya wote. Baba akasema chuma cha zamani ndicho chuma. Basi siku moja, akitoka kuchanja ng'ombe, jua likiwa machoni, akaliingiza gurudumu la mbele kwenye mwanya kati ya mawe mawili. Na kwetu, kama mnavyojua, mawe ni mengi kuliko watu. Yeye alichubuka viwiko tu. Pikipiki ilirudi nyumbani juu ya mkokoteni wa punda, na Baba akasimama mlangoni akatutangazia, kwa sauti ya mtu aliyeleta habari za msiba, kwamba uma umepinda.

Mimi maishani mwangu nilikuwa nimeona uma mmoja tu, mezani kwa yule padri, kwa hiyo nikaona Baba anatia chumvi. Uma ukipinda si unaunyoosha kwa vidole? Nikamwambia hivyo. Akanishika mkono akanipeleka kwenye mkokoteni akanionyesha: mabomba mawili yanayoshuka kutoka kwenye usukani kuja kulishika gurudumu la mbele, kila moja na springi yake na mafuta yake ndani, ili mashimo ya njiani yasimfikie aliyepanda. Huo ndio uma wa pikipiki. Sasa ulikuwa umekunjwa nyuma, gurudumu limekwenda kugusa injini, na pikipiki yote imepiga magoti kama mbuzi anayenyonya.

Laiti ingevunjika wakati mwingine wowote. Lakini ulikuwa wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa. Sisi tulikuwa tunakaa kama Wanyaturu tulivyokaa siku zote, tembe moja hapa, jingine kule ng'ambo ya mawe, na katikati mashamba ya uwele. Sasa ikatakiwa tukae kwa mistari kando ya barabara kubwa, penye shule na zahanati na maji ya bomba yaliyokuwa njiani. Baba ni mtumishi wa serikali, akatakiwa kuonyesha mfano. Akaonyesha. Mama na wadogo zangu walipanda lori la kwanza pamoja na vyungu na mbuzi. Aliyekataa ni Bibi, mama mzazi wa Baba.

Wala hakukataa kwa kelele. Bibi alikuwa mtu wa kukubali kwa masharti. Katibu wa chama alipokuja na mgambo kumshawishi, aliwakaribisha, akawapa togwa, akawasikiliza mpaka wakaishiwa maneno. Kisha akasema, "Nimekubali, wanangu. Nitahama. Ila kwenye lori sipandi, mimi si gunia. Na punda sipandi, nitachekwa. Kutembea siwezi, goti hili mnaliona. Lakini mwanangu ana pikipiki. Siku atakayonipakia kwenye pikipiki yake, nitapanda na sitasema neno."

Katibu akamgeukia Baba. Baba, mbele ya watu wote wale, akasema ataitengeneza wiki hiyohiyo. Basi wakaafikiana: mama huyu atasubiri pikipiki, lakini lori la mwisho likija kabla ya mvua, litamchukua kila aliyebaki, apende asipende. Tulikuwa tumekwishaona watu wakiinuliwa wakapandishwa, mmoja anashika kwapa, mwingine anashika miguu. Baba alilijua hilo vizuri kuliko mimi. Alikuwa anatengeneza pikipiki ili mama yake asije akabebwa namna ile.

Mimi nikaachwa na Bibi nimchotee maji. Siku chache tu, alisema Mama, akipanda lori bila kugeuka. Pikipiki nayo ikabaki kwa Bibi, kwa kuwa haikuweza kwenda kokote, na Baba akawa anakuja kila Jumamosi kwa baiskeli kutoka kijiji kipya. Huko shule ilikuwa imeshafunguliwa. Rafiki zangu walikuwa wanajifunza kuimba kwa mstari, na mimi nilikuwa nimekaa na bibi kizee na pikipiki iliyopiga magoti. Nilikuwa namkumbuka Mama mpaka nikaanza kumchukia.

Fundi aliyepatikana ni Mlewa, Mgogo aliyelowea Issuna. Alitengeneza baiskeli, mashine za kusaga, redio, na meno ya watu kama wangemruhusu. Siku ya kwanza alipofika nilimkimbilia kumpa shikamoo, akaniitikia vizuri. Halafu akamgeukia Bibi.

"Kumbe bado uko hai," akasema, akiiegemeza baiskeli ukutani. "Nimepita makaburini kwanza, nikakukosa."

"Na wewe ombaomba," Bibi akajibu bila kuinua uso kutoka kwenye ungo, "leo umeletwa na njaa?"

"Njaa ndiyo. Mke amenikimbia. Alisikia nina mtani Mnyaturu anayefuga simba."

"Simba wangu hali Wagogo. Wana mifupa tu."

Niliacha kuchochea moto. Kwamba Wagogo na sisi ni watani, wao wakitaniwa kwa kuombaomba na sisi kwa kufuga simba, nilikuwa nimeambiwa, lakini kuambiwa ni kitu kimoja. Mtoto aliyelelewa kutoa shikamoo mpaka kwa kivuli cha mkubwa, akimsikia mtu mzima anamwambia bibi yake amemtafuta makaburini, hawezi kucheka. Niliona wazi kwamba watu hawa wawili wanachukiana na kwamba Baba amekosea kumleta.

Hata hivyo kazi ya siku ile ilikwenda vizuri, na ndiyo iliyonitia tamaa ya bure. Fundi Mlewa aliyatoa yale mabomba, akamwaga mafuta machafu kwenye sufuria kuukuu, na nyumba nzima ikanuka ile harufu. Kisha Baba akatangulia kuliosha jiwe bapa nyuma ya nyumba, lile ambalo Bibi alianikia uwele, na fundi akayapeleka huko, akaliviringisha bomba moja juu yake taratibu. Akaniambia nilale kifudifudi, jicho langu liwe sawa na jiwe, niangalie kama ninaona mwanga chini ya bomba. Nikauona, mwembamba, katikati, unakuja na kupotea kila bomba lilipozunguka. Nikaambiwa kwamba pale penye mwanga ndipo penye ugonjwa. Wakalifunga bomba kwa magunia, wakaliingiza kwenye ufa wa jiwe kubwa, wakalivuta kidogokidogo, wakalirudisha, nikalala tena kifudifudi, wakalivuta tena. Jua lilipoanza kushuka mwanga ulikuwa umekwisha. Nikaruka nikamwambia Bibi, "Yamenyooka." Bibi aliuweka ungo chini, akasema, "Aa. Haraka hivyo."

Nikadhani amefurahi. Nilikuwa na hakika kwamba Bibi anaitamani ile pikipiki kuliko kitu chochote. Kila asubuhi alikuwa anachechemea mpaka bandani, anaiangalia, anaifuta vumbi kwa ncha ya kanga, anauliza, "Bado haijapona?" Nikimwambia bado, anapumua. Niliona ni pumzi ya mtu aliyechoka kusubiri. Nikamwambia Baba, "Bibi anauliza pikipiki kila siku, anaitaka sana." Maskini Baba. Niliona uso wake ulivyobadilika, akaenda zake kwa baiskeli akikanyaga kama anakimbizwa.

Kilichobaki, kwa maelezo ya fundi, ni sili tu, vile vipete vya mpira vinavyozuia mafuta yasitoke. Sili tu. Neno "tu" la fundi ni neno ninalolichukia mpaka leo. Baba akaenda Singida mjini kwa Mhindi mwenye duka la vipuri, akaambiwa hakuna, labda lori la Arusha. Lori la Arusha likaja na ndoo na viberiti. Akarudi tena, na tena, mpaka yule mwenye duka akawa anatikisa kichwa tangu Baba yuko ng'ambo ya barabara. Hatimaye zikapatikana. Baba alizileta amezifunga kwenye leso kama mtu aliyebeba dawa ya macho. Fundi Mlewa akazipokea, akazigeuza, akazipima kwa kidole, akamrudishia.

"Ndogo," akasema.

"Ndogo vipi? Mhindi ameniambia ni zenyewe."

"Mhindi anauza. Mimi ninafunga. Hizi ni ndogo kidogo, zitavuja."

Zikarudishwa. Zikaletwa nyingine. Hizo zikawa kubwa. Baba akachoka, akasema kama ni kipete tu yeye atakitengeneza mwenyewe, kwa kuwa ngozi ya ng'ombe anaijua kuliko mtu yeyote katika tarafa. Akakata vipete vya ngozi, akavilowesha mafuta, akavifunga bila fundi, na Mama yangu angekuwepo angemzuia. Alipomaliza akasimama mbele ya pikipiki, akashika usukani kwa mikono miwili akaukandamiza kwa nguvu zake zote, ili tuone uma unavyoshuka na kupanda. Ukashuka. Mafuta yakaruka kutoka pande zote mbili yakampata kifuani, usoni na mdomoni. Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Sijui kama nilikuwa nimewahi kumwona Bibi akicheka vile, na niliona ni ukatili, kwa mtu anayehangaikiwa.

Sili alizosema ni sawa zilipopatikana, springi moja ikaonekana fupi kuliko mwenzake. Springi ilipopatikana, ikapotea ringi ya kufungia, ndogo hata bangili ya mtoto mchanga ni kubwa. Ringi hii ilitumaliza. Tulichekecha uwanja mzima kwa ungo. Tulifagia, tukachekecha mavumbi, tukafagia tena. Fundi Mlewa akasema kwa utaratibu wake kwamba amewahi kuona kuku akimeza kitu kama kile. Basi bwana mifugo mzima, mtu wa serikali, akatumia alasiri yake yote kumkamata kuku mmoja baada ya mwingine na kumpapasa gole, kile kifuko cha chakula shingoni, akisikiliza kwa vidole kama kuna chuma. Kuku walikuwa wengi. Mimi ndiye niliyekuwa nawakimbiza.

Na hapa ndipo penye jambo lililonikera kuliko yote. Kila Jumamosi, Baba akishaondoka kuwahi njia, fundi alibaki kula ugali. Akimaliza, Bibi anakamata kuku, anamfunga miguu, anampa. Si kuku mbovu. Kuku kweli, mtetea wa kutaga. Fundi anamning'iniza kwenye usukani wa baiskeli na kuondoka akimtukana Bibi kwa furaha, na Bibi anamjibu. Mfanyakazi hajafanya kazi, na analipwa. Siku ya ringi sikuweza kuvumilia.

"Bibi, unampa kuku wa nini? Hajatengeneza kitu."

"Ndiyo maana nampa," Bibi akasema.

Nikajua uzee umeanza kumpanda kichwani. Nilimwonea huruma na wakati huohuo nilitaka kulia kwa hasira, kwa sababu wale kuku ndio niliokuwa nawafungulia na kuwafungia kila siku, na wengine nilikuwa nimewapa majina.

Huku majirani wanaisha. Tulizoea kuona moshi pande zote asubuhi, sasa ukawa unahesabika. Tembe la jirani yetu liling'olewa miti ya darini ikajengee kule barabarani, na kuta zikabaki wazi juu, mbuzi wa mtu wanaingia na kutoka. Bibi akawa anakwenda kusimama pale kwa muda mrefu na kurudi bila kusema alichofuata. Nilimwambia asijali, pikipiki ikipona tutawakuta wote. Akaniambia, "Ndiyo, mwanangu, tutawakuta."

Jumamosi iliyofuata Baba alilipuka. Ringi ilikuwa imeletwa nyingine, na fundi, baada ya kuitazama sana, akasema sasa anaona mafuta yaliyonunuliwa ni mepesi mno. Baba akatupa spana chini.

"Wewe si fundi," akasema. "Hata jina lako limekosewa herufi mbili. Ungeitwa Mlevi tungekujua mapema."

"Sawa, mtani."

"Si utani. Nakwambia kweli. Mama yangu atatupwa kwenye lori kwa ajili yako."

Fundi Mlewa aliinamia spana, akaiokota. Alimtazama Bibi, Bibi akatazama kuku. Baba akachukua baiskeli yake akaondoka bila kuaga, na siku ile fundi hakula ugali.

Katikati ya wiki akapita mgambo nyumba kwa nyumba, yaani kwetu na kwa wengine wachache waliosalia, akisema lori la mwisho linakuja keshokutwa na kila mtu afunge vitu vyake. Bibi alimshukuru. Nilimwuliza tutafanyaje na pikipiki. Akaniambia nikachote maji.

Kesho yake asubuhi Baba alifika akiwa amevimba macho. Alikuwa bado hajakaa kwenye kigoda alichopewa, tukaona baiskeli inakuja kati ya mawe. Ni Fundi Mlewa, bila kuitwa, na mkoba wake umejaa. Hakumtukana mtu. Alisema hodi, akamwamkia Bibi shikamoo.

Bibi akashtuka. "Shikamoo? Mtani, unaumwa?"

"Siumwi."

Akaenda moja kwa moja bandani, akatandika gunia, akatoa vitu mkobani kimoja kimoja. Sili, tena za kipimo kilekile cha zile alizoziita ndogo mara ya kwanza. Mafuta mazito kwenye chupa. Na ringi, ile ringi yetu, ikiwa bado na doa la rangi nililolikumbuka. Akaanza kufunga. Mikono ambayo kiangazi kizima ilikuwa inapapasa na kusitasita, leo haikusimama hata mara moja. Nilikuwa nimeweka sufuria ya maharage motoni, na maharage yalikuwa hayajaiva pikipiki iliposimama kwa miguu yake. Akakandamiza usukani. Uma ukashuka polepole, ukapanda polepole, mkavu kabisa.

Baba alikuwa amesimama wakati wote huo akiitazama mikono ile. Sasa akasema, "Vitu hivi ulikuwa navyo."

"Nilikuwa navyo."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani, mtani."

"Nimewapapasa kuku matumbo, Mlewa. Wewe unaniangalia."

"Nilikuangalia."

"Kwa nini?"

Fundi akajifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja. "Muulize mama yako."

Bibi alikuwa mlangoni. Alikuja mpaka katikati ya uwanja, akasimama. "Nilimwomba," akasema. "Siku ya kwanza kabisa, ulipokwenda kuosha jiwe. Nilimwambia, mtani, pikipiki hii isipone. Mtani akikuomba jambo kwa kweli, si kwa mzaha, humnyimi. Naye hakuninyima."

"Lakini ulisema utapanda," Baba akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Ulisema mbele ya katibu."

"Nilisema. Wewe uliiona pikipiki hii ilivyoletwa kwenye mkokoteni? Mimi niliiona. Nikajua haitapona."

Nilisimama pale na mwiko mkononi. Zile asubuhi zote za kufuta vumbi. Zile pumzi. Kumbe alikuwa anakwenda kuangalia kama bado ni mgonjwa, na akimkuta mgonjwa anapumua kwa kushukuru. Na mimi nikamwambia Baba anaitamani.

Fundi Mlewa akamwambia Bibi, taratibu, kwa maneno ambayo sikuyasahau, "Mtani wangu, nimekuchelewesha mpaka njia imekwisha. Kesho lori likija watakubeba kama gunia, na mimi nitakuwa ndiye niliyekuuza. Panda na mwanao."

Bibi aligeuka. Alikwenda kwenye tundu, akakamata kuku, akamfunga miguu, akamletea. Ndiyo desturi yao ilivyokuwa. Fundi akarudisha mikono nyuma.

"Leo sichukui," akasema. "Leo nimefanya kazi."

Tukala maharage. Baada ya chakula Bibi akaingia ndani, akakaa huko kidogo, akatoka na kifurushi cha nguo na kibuyu chake. Mahame hayafungwi, lakini yeye alifunga mlango kwa gogo lake, akausukuma mara moja kuona kama umeshika, kama mtu anayekwenda mnadani na kurudi jioni. Baba aliwasha pikipiki. Iliwaka kwa pigo la kwanza, ikakaa inanguruma vizuri, na hasira yote ya Baba niliiona inamtoka usoni bila yeye kupenda. Ni pikipiki yake, na imepona. Alikaa, akanyoosha mgongo, akasema, "Panda, Mama. Nishike kiunoni."

Fundi na mimi tukamwinua Bibi. Alipofika juu ya kiti, badala ya kumwelekea Baba mgongoni, akajigeuza. Akakaa ametazama nyuma, mgongo wake kwenye mgongo wa mwanawe.

"Mama, hakuna mtu anayepanda pikipiki hivyo. Utaanguka."

"Nilisema nitapanda," Bibi akasema. "Sikusema nitaangalia wapi."

Baba alimbembeleza, kisha akamgombeza, kisha akatazama juu mbinguni akaacha. Fundi Mlewa akatoa kanga kwenye kifurushi, akawafunga wawili wale pamoja, mgongo kwa mgongo, akakaza fundo. Kisha akanipandisha mimi kwenye bomba la baiskeli yake, tukawafuata.

Njia ya kutokea kwetu ni mawe matupu, na Baba alikwenda polepole, kwa hiyo hatukuachwa mbali. Ndiyo maana nilimwona Bibi wakati wote. Baba hakumwona, yeye alikuwa anaangalia mbele. Bibi alikuwa anatazama juu ya vichwa vyetu, kule tulikotoka, paa la udongo likizidi kuwa dogo kati ya mawe, na kila gurudumu lilipopanda jiwe na kushuka, uma ulizama na kuinuka kwa upole kabisa, na kichwa chake hakikutikisika. Fundi, mtu wa maneno yale yote, alikuwa anakanyaga nyuma yangu, nasikia pumzi zake tu. Tulipofika penye lile jiwe kubwa linalofunga njia, ambapo nyumba haionekani tena, machozi ya Bibi yalikuwa yamefika kidevuni na hakuyafuta, mikono yote miwili imeshika kibuyu.

Baba akapaza sauti kutoka mbele, bila kugeuka, na alikuwa anafurahi, Mungu amsamehe, alikuwa anafurahi kweli.

"Mama, unaona inavyokwenda? Mawe yote haya, hata moja husikii."

"Sisikii, mwanangu," Bibi akamjibu kwa sauti yake ya kila siku. "Hata moja."